Siku ya Tatu ya Bani

Mpwa wangu alipiga simu mchana, nikiwa nasukuma gogo kwenye tanuru la bani. Bani ndilo jengo letu la kukaushia tumbaku hapa Katumba, na langu lilikuwa siku ya tatu, jani linageuka njano. Siku ya tatu mtu haendi popote. Moto ukishuka, jani linakuwa kahawia na jasho lote la tangu kitalu linaishia hapo.

"Mama mdogo, mama anasema uje," alisema. "Kesho alfajiri tunampeleka hospitali, wanampasua tumbo."

Nikajibu haraka, "Mwambie nakuja kesho jioni, jani likishageuka."

Kisha akauliza polepole, "Kesho jioni, mama mdogo?"

Simu ikakatika. Nilishikwa na hofu, tena hofu ya aibu, kwa sababu mimi na dada yangu tulikuwa hatusemezani tangu msimu uliopita. Msimu ule niliugua homa, nikamwomba aniangalizie moto. Yeye ni mzee wa kanisa, na jioni wakamwita akamwombee mama mmoja mahututi. Akaenda. Yule mama alikata roho dada akiwa amemshika mkono. Huku kwangu tanuru likabaki majivu, na tumbaku ikatoka madoa matupu. Jumapili, mbele ya watu waliokuwa wakitoka ibadani, nikamuuliza, "Hayo maombi yako yamekausha jani gani?" Alikaza kitenge chake akaenda zake. Baadaye alianza kuumwa, akahamia kwa binti yake kule Nsemulwa.

Tangu hapo nilikuwa nashiriki Meza ya Bwana kama kawaida. Kwetu, mwenye kinyongo na ndugu yake hubaki kwenye benchi, sinia likampita. Mimi nilinyoosha mkono, kwa kuogopa watu wataulizana kuna nini. Mungu sikumwogopa kiasi hicho, na mpaka leo jambo hilo linanitisha.

Mume wangu alikuwa msibani Usevya. Majirani kila mmoja alikuwa na bani lake, na hata angepatikana mtu, nilikwisha kuapa kwamba hakuna mkono mwingine utakaogusa moto wangu. Kiburi changu mwenyewe kilinifunga pale. Nikapiga magoti kwenye kuni nikaanza Baba Yetu. Nilipofika "mapenzi yako yatimizwe" nikajikuta nachungulia kipimajoto. Nikaanza upya. Nikachungulia tena. Nilijichukia.

Na akifa huko kwenye kupasuliwa? Nitamwambia Mungu nini, kwamba jani lilikuwa halijageuka?

Moto usio na mtu ungeweza kuteketeza bani lote. Kwa hiyo niliyavuta magogo nje, moja moja, nikayamwagia maji. Kisha nikatafuta bodaboda.

Barabara ilikuwa tope, na bodaboda ilikwenda taratibu kama imebeba mayai. Niliwaza: sasa joto limeshuka, sasa majani ya chini yamepoa. Halafu nikamkumbuka dada, nikaona haya. Halafu jani tena. Hivyo hivyo mpaka Nsemulwa.

Nilimkuta kitandani, amekonda sana. Maneno ya kuomba msamaha niliyoyapanga kwenye pikipiki yote yalinipotea. Yeye alikuwa anaangalia mikono yangu, ilivyojaa masizi.

"Bani lako ni siku ya ngapi?" aliuliza.

"Ya tatu."

"Moto umemwachia nani?"

"Nimeuzima, dada."

Dada amelima tumbaku miaka mingi kuliko mimi, kwa hiyo sikuwa na haja ya kumweleza zaidi. Alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Mbona unatetemeka hivyo?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Nakuogopea wewe," nikasema. Ningeishia hapo ingependeza, lakini nilikuwa nimechoka kudanganya. "Na jani pia."

Akacheka, akashika tumbo kwa maumivu.

"Mwaka jana ungeanza na jani," akasema, akasogea ukutani nipate pa kukaa.