Mashine Imetaifishwa, Mama Hajaombwa Radhi

Wiki hii niliketi mahakamani Kasulu, karibu na mama mmoja wa Nyakitonto. Aliuza maharage kwa mfanyabiashara wa mjini, akalipwa noti zilizopitishwa kwenye mashine yake ya kuhesabia fedha. Alipokwenda kununua dawa ya mtoto, noti moja ikaonekana bandia. Akakamatwa, akalala mahabusu, huku mtoto akiungua kwa homa nyumbani.

Baadaye ikabainika kwamba mashine ile haikidhi kanuni za Benki Kuu. Haitambui noti bandia, na mfanyabiashara alikwisha kuonywa, ndipo naye akashtakiwa.

"Mheshimiwa, mimi niliiamini mashine," mfanyabiashara alisema kizimbani akitabasamu.

"Basi tunaichukua," hakimu akajibu. Akaamuru itaifishwe, na mwenyewe alipe faini.

Yule mama akasimama, ameshika ncha ya kitenge chake. "Mheshimiwa, mimi niliwekwa ndani kwa noti yake. Nani ataniomba radhi?"

Hakimu akainamisha kichwa. "Mama, hilo halimo kwenye shauri hili."

Mfanyabiashara akalipa, akampita mama yule bila kumtazama. Hasira yangu haijapoa mpaka leo. Mahakama ina uwezo wa kuichukua mashine ya tajiri. Uwezo wa kumfanya amtazame mama machoni, sijui tukauombe wapi.