Alhamisi Kabla ya Baba Kulifuta Jina

Rangi mbichi ikinukia popote, mimi hukumbuka ubao wa kanisa letu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tukiishi mtaa wa Gulfton, Houston, kwenye majengo ambamo ukikaanga samaki ghorofa nzima inajua. Kanisa letu la Wakongo lilikuwa na ubao nje wenye neno Methodisti kwa herufi nyekundu. Baba ndiye aliyeuandika, mwaka tuliofika kutoka kambi ya wakimbizi. Kisha wakubwa wa kanisa wakagombana huko juu, na wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Mchungaji akatangaza kura ya Jumapili: tubaki na jina, au tulifute.

Kwetu kura ilianza mapema, mezani. Baba alisema jina lenyewe lilianza kama kejeli, la nini kulibeba? Mama akaweka mwiko chini. "Ndiyo, ni kejeli! Vijana wa chuo huko Uingereza walisali kwa saa, wakafunga kwa siku, wakatembelea wafungwa kwa zamu. Wenzao wakaucheka utaratibu wao, wakawabandika jina: Methodisti, watu wa utaratibu. Wao wakalivaa! Hata sisi kambini tulichekwa kwa kengele yetu, Baba Riziki, umesahau?" Baba hakusahau, mpiga kengele alikuwa yeye. Akaapa kwamba jina likibaki, atahama kanisa. Mama akaapa kuhama likifutwa. Mungu wangu, niliogopa! Vyovyote watu watakavyopiga kura, mmoja wao angeondoka, na mimi niliamini angeondoka hata nyumbani.

Sasa, Wamethodisti wana kitu wanachokiita darasa. Watu kama kumi hukutana kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni, na kiongozi humwuliza kila mmoja, "Roho yako iko je?" Kujibu "salama" tu ni mwiko. Darasa letu lilikutana sebuleni kwetu, na kiongozi alikuwa Mama. Alhamisi ile kabla ya kura watu walikuja wote. Mama akamwuliza Baba. Baba akatazama viatu vyake, akasema, "Imechoka." Zamu yangu ikafika. Sisi watoto tulizoea kujibu kwa Kiingereza, lakini siku ile Kiswahili kilinitoka chenyewe: "Naogopa mtaachana kwa sababu ya ubao." Mama akajifunika uso kwa kitenge.

Jumapili jina lilishindwa kwenye kura. Jumamosi iliyofuata Baba alipanda ngazi na kopo la rangi nyeupe, nami nikaishika ngazi huku nalia kwa hasira. Lakini hawakuachana. Kesho yake Baba aliendesha gari hadi kanisa jingine lenye jina lile, akamteremsha Mama mlangoni, ndipo akatupeleka sisi watoto kanisani kwetu. Humteremsha hivyo mpaka leo. Mimi sikumsamehe upesi. Mwacha mila ni mtumwa, nilimwambia siku moja, bila adabu.

Siku hizi naishi mji wa Mesquite, saa chache kutoka Houston, napanga mizigo ghalani. Makanisa ya huku yana majina ya kung'aa, na sijui watu wake huulizana nini katikati ya wiki. Ila kila Alhamisi, saa kumi na mbili kamili, simu yangu huita. Si Mama. Ni Baba.

"Riziki, roho yako iko je?"

Juzi nilikuwa nimechoka, nikamjibu, "Salama, Baba."

"Hilo si jibu," akasema, akasubiri.

Nikaketi juu ya makasha, nikamwambia kweli.