Kanga wa Bibi Sindano

Mtaani walimwita Saruji, na jina lilimkaa vizuri. Alikuwa mwashi tangu ujana wake, na vumbi la kazi lilikuwa limehamia kwenye nyusi na masikio yake likakataa kuhama. Hata akioga na kuvaa shati safi, bado alifanana na mtu aliyetolewa ndani ya mfuko wa unga. Viganja vyake vilikuwa vigumu kiasi kwamba aliweza kuipua sufuria kwa mikono mitupu, huku wageni wakipiga kelele yeye akicheka.

Mke wake walimwita Bibi Sindano. Huyo alidarizi. Alishona mishono ya msalaba, ile midogo inayopandana miwili miwili kama watu waliokunja mikono, na ikijaa kitambaani huwa ua, au jogoo, au mashua. Sebuleni kwao kila kitu kilivaa: viti, meza, redio, hata mtungi wa maji. "Nyumba hii ukikaa kimya na wewe utadariziwa," Saruji aliwaambia wageni. Basi. Huo ndio ulikuwa mchango wake katika jambo hilo. Alivikalia vitambaa vya mkewe miaka nenda miaka rudi, akaviegemea, akavidondoshea chai, na hakuwahi hata siku moja kuinama akavitazama.

Kisha macho ya mkewe yakaanza kufifia. Mwanzoni alikuwa akikosea tundu, anarudia, anaulaumu mwanga. Baadaye akawa anaweka kikombe pembeni ya meza, kinaanguka. Hospitalini daktari aliwaeleza taratibu kwamba presha ya macho ilikuwa imemla kimyakimya kwa muda mrefu. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki, lakini kilichobaki kilikuwa kidogo: mwanga wa mlangoni, kivuli cha mtu anayepita.

Bibi Sindano hakulia. Alirudi nyumbani, akakusanya nyuzi zake ndani ya kopo la biskuti, akalisukuma chini ya kitanda pamoja na kile kitanzi cha mbao cha kubania kitambaa. "Basi," akasema. "Kila chenye mwanzo kina mwisho."

Kilichomuumiza Saruji si ukimya wa nyumba. Ni vidole vya mkewe. Alikaa kitini jioni, kidole gumba na cha shahada vimebanana, mkono unapanda na kushuka juu ya mapaja. Alikuwa anashona hewa, na mwenyewe hana habari.

Siku moja Saruji hakuweza kuvumilia tena. "Mke wangu," akasema, "kama ungekuwa na macho leo, ungeshona nini?"

"Kanga," akajibu papo hapo, kana kwamba swali lilikuwa limechelewa. "Si kanga wa kuvaa. Ndege. Baba yangu alikuwa nao. Nilitaka kuwashona maisha yangu yote nikaogopa zile nukta."

"Basi nitawashona mimi. Wewe uniambie tu la kufanya."

Bibi Sindano aligeuza uso kuelekea sauti ile. Kisha akacheka. Hakuwa amecheka tangu hospitalini, na sasa kicheko kilimtoka chote kwa pamoja hadi akashika mbavu. "Wewe? Mwiko na sindano wapi na wapi? Haya. Leo ndiyo utakiona kilichomtoa kanga manyoya!"

Saruji akaenda dukani siku hiyo hiyo akarudi na kitambaa cheupe pee, laini, cha kupendeza. Mkewe akakishika, akakivuta upande mmoja, akakivuta kwa mshazari, kikalegea na kupinda kama mtu mlevi.

"Mume wangu, hiki ni cha kufutia meza."

"Mchagua jembe si mkulima," Saruji akajitetea.

"Aliyesema hivyo hajawahi kushona. Kesho twende wote."

Kesho yake wakaenda, mkono wa mke umeshika kiwiko cha mume. Muuza vitambaa alikuwa mtu mzima mwenye futi ya utepe shingoni, na alimjua mteja wake wa zamani. "Shikamoo mama! Ulipotea sana."

"Marahaba, baba. Sikupotea, macho ndiyo yamepotea. Nishushie ulivyo navyo vya kudarizi, usinichagulie."

Akashushiwa mafurushi. Na hapo ndipo Saruji, aliyesimama tu kama mlinzi wa mkoba, alipoanza kuona jambo ambalo hakulijua. Mkewe alifumba macho. Hayakuwa yanaona kitu, lakini aliyafumba. Akakipitia kila kitambaa kwa ncha za vidole, polepole. Akaweka ukucha juu ya nyuzi akausogeza, tundu kwa tundu, midomo ikihesabu, mpaka upana wa kidole gumba ukaisha. Kisha akakizungusha kitambaa akahesabu tena kwa upande wa pili.

"Hiki hapana," akasema. "Nyuzi za kwenda ni nyembamba, za kukatiza ni nene. Kila msalaba utalala chini, na kanga wangu atakuwa bata." Muuzaji akacheka. "Hiki nacho kimetiwa wanga mwingi. Kikifuliwa kitalegea." Alipofika kwenye kipande cha chini kabisa, vidole vikasimama. Akahesabu huku, akahesabu kule. "Mume wangu, kiinue mlangoni. Mwanga unapitaje?"

Saruji akakiinua. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akatazama ndani ya kitambaa. Kulikuwa na vishimo vidogo, safu juu ya safu, vimenyooka kuliko ukuta wowote aliowahi kuujenga kwa kamba na timazi. Mwanga ulipita katika kila kimoja sawasawa. "Unapita kama kwenye wavu wa dirisha," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua bila yeye kukusudia. "Hakuna kilichoziba."

"Rangi yake?"

"Kama mchanga mkavu."

"Ndicho hicho. Kingekuwa cheupe, nukta za kanga zilizo ukingoni zingepotea. Juu ya mchanga zitaonekana."

Nyumbani kazi ikaanza na mikono ya Saruji. Bibi Sindano aliisugua kwa mafuta na sukari, akaisugua tena, kwa sababu uzi ulikuwa ukinasa kwenye nyufa za viganja kama nguo kwenye miiba. Akamfundisha kushona pindo kuzunguka kitambaa kizima kisifumuke, na kukikunja mara mbili apate katikati. Uzi wa kudarizi, akamwambia, ni nyuzi nyembamba sita zilizolala pamoja; shika mmoja peke yake kwa juu, uvute taratibu, nyingine zitajikunja kisha zitanyooka. Saruji akavuta tatu kwa mpigo. Akapata kiota cha ndege kabla ya ndege.

Alipofanikiwa kupenyeza uzi katika sindano ile butu, kijasho kikimtiririka, akapiga fundo kubwa mwishoni, akashona msalaba wa kwanza, akampa mkewe kitambaa kwa majivuno. Bibi Sindano akapitisha kidole upande wa nyuma. Kidole kikasimama.

"Hii nini? Kokoto?"

"Fundo. Uzi usipofungwa si utatoka?"

"Fundo litavimba mbele, picha itakuwa na majipu. Na siku moja litapenya tunduni, kazi yote ifumuke. Kata."

"Sasa uzi utashikwa na nini?"

"Utajishika wenyewe. Chukua uzi mmoja, mrefu kama mkono wako. Ukunje katikati. Ncha zote mbili zipite kwenye tundu la sindano. Umebaki na nini mkiani?"

"Kitanzi."

"Haya. Panda kutoka chini, lakini usivute wote, kiache kitanzi nyuma. Vuka kimshazari, shuka. Sasa geuza kitambaa. Kitanzi kinakusubiri. Pitisha sindano ndani yake. Vuta, lakini vuta kama unamvua mtoto shati akiwa amelala."

Saruji akavuta. Kitanzi kikapungua, kikapungua, kikalala kimya juu ya kitambaa. Akavuta kidogo zaidi, uzi haukutoka. Akagusa nyuma kwa kidole chake kikubwa: pamelala bapa, hakuna kinundu. Akageuza mbele, akageuza nyuma. Hakuna fundo, hakuna gundi, hakuna mkia, na uzi umeshika.

"Mke wangu," akasema. "Umekuwa ukifanya hivi miaka yote?"

"Kila uzi."

Aliinua macho akatazama sebule. Viti, meza, redio, mtungi. Akainuka akavua kitambaa kilichokuwa juu ya redio, akakigeuza. Akavua cha kiti. Kwa upande wa nyuma nyuzi zilienda kwa utaratibu, kila moja imeanza kwa siri na kuishia kwa siri, imezama chini ya wenzake. Akavua na kingine. "Unafanya nini?" mkewe akauliza, akisikia nyayo. Alikuwa amesimama katikati ya sebule yake mwenyewe, mikono imejaa vitambaa, kama mtu aliyeishi juu ya kisima bila kujua kwamba kuna maji.

Wakaendelea hivyo majuma kwa majuma. Picha ya kufuatisha haikuwepo. Kanga wote walikuwa kichwani mwa Bibi Sindano, na Saruji alizidi kushangaa kila siku. "Panda moja. Rudi mawili kushoto. Hapo weka nyeupe, hiyo ni nukta. Kijivu mara nne." Aliipapasa mishono kwa kiganja, akajua walipofika, akaendelea. Siku nyingine Saruji alikosea, akanyamaza akitumaini mambo yatapita, na kesho yake kiganja kikasimama palepale. "Shingo ya huyu imevunjika. Fumua." Akafumua. Na kweli, alipoishona upya ndege aliinua kichwa. Saruji alikuwa akishona nukta, nukta, nukta, haelewi chochote, halafu anakisogeza kitambaa mbali, na pale hapakuwa na nukta tena. Palikuwa na mgongo wa kanga uliofura kwa baridi ya asubuhi.

"Wanatoka wapi hawa?" aliuliza.

"Wapo tu," mkewe alisema. "Tunawapa nguo."

Mchana mmoja mvua kubwa ilimrudisha Saruji mapema kutoka kazini. Akala, akalala. Alipoamka nyumba ilikuwa na giza kwa sababu ya mawingu, na madirisha yalikuwa yamefungwa. Akaenda sebuleni akitaka kuwasha taa, akakomea mlangoni.

Mkewe alikuwa na kitanzi cha mbao mapajani. Alikuwa anashona. Si hewa safari hii, alishona kitambaa. Ukucha wa mkono wa kushoto ulitangulia, ukatafuta tundu, ukakaa; sindano ikapanda kutoka chini ikagusa ukucha, kama mtu anayebisha hodi, na ukucha ukaipisha. Ikavuka kimshazari. Ikashuka. Alikuwa anashona majani chini ya miguu ya kanga, rangi moja tu ya kijani, safu kwa safu. Uzi ulipokwisha aliuzamisha nyuma chini ya wenzake, akakata. Akachukua mwingine, akaukunja. Akaweka sindano kwenye ncha ya ulimi, akapapasa, akapitisha ncha mbili tunduni. Sindano ikapanda, ikashuka, ikaingia katika kitanzi chake kule nyuma ambako hata mwenye macho haoni.

Saruji hakuwasha taa. Alisogea hatua mbili na kuchungulia. Misalaba yote ililala upande mmoja, hakuna hata mmoja uliogeuka. Alikuwa amejenga nyumba za watu, ghala, kuta za shule, na kila siku aliona jua, kamba na pima maji mbele yake. Huyu alikuwa ndani ya giza na mkono wake haukuuliza njia.

"Umesimama hapo muda mrefu," mkewe akasema bila kuinua kichwa. "Kaa."

"Umejuaje?"

"Unapumua kama mfuko uliotoboka."

Akakaa. "Mke wangu, majani yako ni mazuri," akasema, akivuta kamasi.

"Usilie juu ya kitambaa. Kijani kitachuja."

Kazi ilipokwisha, binti yao, mwalimu wa watoto wadogo, alikuja kuwatembelea. Walikuwa wamekitandika kile kitambaa mezani. Binti akaweka mkoba chini, akainama, akafunika mdomo kwa mkono. Kundi zima la kanga lilikuwa likivuka majani, vichwa vya buluu mbele, mmoja amegeuka nyuma kana kwamba ameitwa.

"Wakoje?" mama yake akauliza. Mikono yake ilikuwa imeshikana kwa nguvu.

"Mama, naogopa kupiga chafya. Wataruka." Kisha akageuka. "Nani ameshona ndege?"

"Mimi," akasema Saruji, meno yote nje. "Lakini wametoka kwake."

Binti akamtazama baba yake, akatazama vile viganja, akacheka huku machozi yakimtoka.

Majirani walikuja kuwatazama kanga hao kwa siku kadhaa, na Saruji aliwageuzia kitambaa nyuma kwanza, hata kabla hawajaona mbele, mpaka mkewe akamkataza. Bibi Sindano mwenyewe hakuwa na nafasi ya kusifiwa. Alikuwa ameagiza kwa muuza vitambaa kipande cha vishimo vikubwa zaidi, vya kuutosha ukucha bila kusumbuka, na safari hii hakutaka mtu wa kumshonea. Alitaka mtu wa kumtajia rangi tu.

"Buluu hii ikoje?" akauliza, ameinua uzi.

Saruji akausogeza dirishani. Akautazama kwa makini, hakutaka kukosea. "Kama beseni jipya," akasema, "likiwa na maji ndani."

Bibi Sindano akafikiri kidogo. "Inafaa," akasema, akaukunja uzi katikati.