Kumpeleka Mwozeshaji kwa Pikipiki ya Mwingereza

Asubuhi ile niliondoka Bagamoyo kwa sababu pikipiki iliwaka kwa kiki ya kwanza. Sababu nyingine sikuwa nayo. Pikipiki ya Kiingereza ikikuwakia mara moja, kuizima bila kwenda popote ni kukufuru neema. Nilifunga begi nyuma, nikashika njia ya kaskazini, kwa kuwa ya kusini nilikuwa naijua.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Niliachiwa pikipiki ile na fundi mmoja wa Kihindi pale mjini, aliyechoka kugombana nayo. Ilikuwa na tangi jeusi lenye mistari ya dhahabu, silinda moja kubwa, na mlio mzito wa taratibu kama wa mtu anayetwanga hana haraka. Vipikipiki vya Kijapani vilikwishaanza kuingia, havivuji mafuta, na wenzangu walivisifu sana. Mimi niliviona kama wageni wasiosema shida zao. Utakaa nao mwaka usijue wanaumwa wapi. Yangu ilisema kila kitu. Injini ilikaa wazi, na mtu aliyeacha shule mapema kama mimi aliweza kuifungua kwa spana mbili akajifunza. Ukikosea, kiki inakurudia kwenye muundi, na somo limeisha. Mwalimu wangu wa shule alitumia fimbo kwa kazi hiyohiyo, wala sikuelewa kitu.

Ila ilikuwa na tabia moja mbaya: ukiizima ikiwa ya moto, haiwaki tena mpaka ipoe.

Makurunge nilimkuta mtu mzima mwenye kanzu, koti na mwavuli, amesimama kando ya lori la chumvi lililozama topeni. Nikazima, nikashuka, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nusu ya mji, ndipo akafika kwenye shida yake. Binti wa marehemu kaka yake anaolewa leo Saadani, baada ya alasiri. Yeye ndiye walii wake. Asipotamka yeye kumwozesha, hakuna ndoa. Watu wa bwana harusi walikwishakuja mara moja wakarudi patupu, kwa kuwa yeye alikuwa kitandani na homa. Safari hii wameapa kwamba hawaji tena.

"Hicho chako kinafika Saadani?" akauliza.

"Kinafika, ami. Lini, ndilo sijui."

Tulisubiri kipoe, tukaenda. Kumbe mzee yule alikuwa anajuana na kila baraza la njia ile. Na pwani humwamkii mkubwa wako ukiwa umekalia kitu kinachonguruma; ni sawa na kumpa mgongo. Unazima, unashuka, unaamkia, unaulizwa hali ya nyumbani, ya watoto, ya shamba, unajibu, nawe unauliza yote hayo. Halafu unarudi kupiga kiki mpaka jasho likutoke, na chombo kimekaa kimya kama hakijawahi kukuona. Mwisho wanakuja kutusukuma walewale tuliowasalimu.

"Mwingereza tulimwambia aende zake," alisema mmoja wao huku akihema, "kumbe kaacha mwanawe tumsukume."

Nilimshauri abiria wangu awe anapunga mkono tu tukipita. Alinitazama kama niliyemwalika kula mchana wa Ramadhani.

Mto Wami tuliuvuka jua limekwishapita utosini. Juu ya kivuko injini ilipoa, lakini mzee alikuwa hatulii. Alifungua mwavuli, akaufunga, akaufungua tena. "Mtoto yule hana baba," aliniambia. "Nikichelewa leo watasema hana hata ami."

Pikipiki iliwaka ng'ambo bila matata, nikaapa moyoni kutoizima tena. Ndipo, katika kijiji cha mwisho kabla ya Saadani, tukaona banda la makuti lililo wazi pande zote, limejaa wazee, na katikati yao mwalimu aliyemsomesha abiria wangu Kurani chuoni. Huyo hapitwi. Nilimpigia kelele kwa nyuma kwamba nikizima hapa tunalala hapa. Tulipolikaribia banda akanigusa bega.

"Wazunguke," akasema. "Polepole. Usizime."

Nikalizunguka banda. Duru ya kwanza alimwamkia mwalimu wake, amevua kofia, ameinama mpaka nikahofia kuanguka naye. Duru ya pili alijibu hali ya nyumbani. Ya tatu aliuliza ya mifugo. Wazee waligeuka nasi shingo zote pamoja, na kuku wakahama.

"Marahaba, marahaba," akasema mwalimu. "Nenda kaozeshe, unatutia kizunguzungu."

Tuliingia Saadani watu wa bwana harusi wamekwishasimama, wengine wamevaa viatu. Waliniambia baadaye kwamba waliusikia mlio kutoka mbali, wakabishana kama ni mashine ya kusaga, na ubishi ndio uliowachelewesha. Mzee alishuka kabla sijasimama, kanzu imekuwa na rangi ya barabara, akanyooka moja kwa moja hadi mkekani. Mimi nilibaki nje. Nilisikia sauti yake ikitamka kumwozesha binti wa kaka yake, na kwa mara ya kwanza siku ile haikuwa na haraka wala maneno ya ziada. Vigelegele vikapanda ndani.

Nyumba ilikuwa imejaa wageni, nami nilikuwa nimeanza kuangalia pa kutandika koti langu. Mama wa bibi harusi akanijia na taa ya kandili, akaniuliza nimefikia kwa nani. Nikamwambia bado sijafikia kwa mtu.

"Binti yangu yuko chumba cha mbele, kwenye fungate," akasema. "Chake cha nyuma hakina mtu kuanzia leo."

Chumba kilinukia udi na asumini. Kulikuwa na kitanda cha kamba, kioo kidogo ukutani, na kanga moja iliyosahauliwa msumarini. Niliweka begi chini ya dirisha, nikatoka kuuliza kisima kiko wapi.