Moja Kijani, Mbili Nyekundu

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja Lushoto, nikiwa dukani kwangu Magoma nampimia mteja mbegu za maharage. Ulisema shule yetu imejenga chumba kipya cha kompyuta, kitapewa jina la mwalimu wetu wa hesabu, na kila aliyesoma pale anaombwa aje na chochote cha kumkumbusha mzee siku zile. Wakamwita mwanzilishi wa kompyuta katika milima yetu. Mwanzilishi! Mteja akaniuliza, "Dada, kuna msiba?" maana kopo la mbegu lilikuwa limebaki hewani, simimini wala sirudishi. Nikamwambia hapana, kaka, ni habari njema. Na zilikuwa njema kweli, kwa sababu nilikuwa na langu moyoni na huyo mzee, na nilishaanza kuogopa kwamba atakufa kabla sijamlipa.

Utasema nina kinyongo. Ninacho, sikatai, na nimekilea vizuri kuliko watu wengine wanavyolea watoto. Lakini ngoja nikusimulie, halafu uniambie wewe ungefanyaje.

Kwetu ni Kwai. Nililelewa na bibi, kwenye nyumba ambayo ukungu ulikuwa unaingia jikoni bila hodi, na bibi akipuliza moto alikuwa anaukaripia kwa Kishambaa utadhani moto una masikio. Kabla ya shule nilikata majani ya gwatemala kwenye kingo za matuta, nikampa ng'ombe, nikamwagilia kabichi, ndipo ninywe chai ya maziwa na kiazi cha jana kilichochomwa jivuni. Mpaka leo nikisikia harufu ya majani mabichi vidole vinaniwasha, maana gwatemala inakata. Nyuma ya nyumba tulikuwa na mti wa plamu, na Jumamosi mwalimu wa hesabu alikuwa anapita kununua. Hataki kuchaguliwa. Anachagua mwenyewe, anachanganya nyekundu zilizoiva na za kijani mbichi kabisa, analipa, anaondoka ameridhika. Bibi alikuwa anamsindikiza kwa macho, anacheka, anasema, "Mwalimu wenu huyo ana meno ya mbuzi." Sisi tukajua ndivyo anavyozipenda.

Nilikuwa kidato cha pili kompyuta ilipokuja. Moja tu, ya msaada, imeshachoka huko ilikotoka, na kioo chake hakikuwa na rangi: nyeusi, nyeupe na kijivu, basi. Waliiweka kwenye chumba kilichokuwa stoo ya majembe, wakaifunika kitambaa cha kufuma, na tulikuwa tunavua viatu mlangoni, kwenye baridi ile ya Juni, kana kwamba tunaingia msikitini. Ndani palinuka udongo na plastiki iliyopata moto. Mashine ikisoma diski ilikuwa inakwaruza, krr, krr, kama panya darini, na sisi tunatazamana kwa furaha.

Lugha tuliyofundishwa kusema nayo ilikuwa BASIC. Mwalimu alikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza, na alikifundisha kama alivyofundisha hesabu: andika, kariri, kaa chini. Hilo "kaa chini" ndilo lilikuwa neno lake. Ukiuliza swali, kaa chini. Ukijibu vizuri, kaa chini. Sasa kulikuwa na amri inaitwa SCREEN, na hiyo ndiyo iliyonifanya niipende ile mashine mpaka nikawa naiota. Unaiandika, unaweka namba mbele yake, na kioo kinageuka kuwa kitu kingine. SCREEN 0 ni ya maandishi tu. Hapo ukiiambia mashine ichore duara inakukatalia, inakwambia umeomba kisichowezekana. SCREEN 2 inachora mistari myembamba mizuri, lakini haina rangi. SCREEN 1 herufi zake ni nono na mistari yake mizito kidogo, ila ina rangi nne. Mwalimu akasema tutumie mbili, kwa sababu kioo chetu hakioneshi rangi, sasa rangi za nini? Wenzangu wote wakatumia mbili.

Mimi nilitumia moja. Kitabu kilisema ukichagua kundi la kwanza la rangi, sifuri ni nyeusi, moja ni kijani, mbili ni nyekundu, tatu ni kahawia. Sikuwahi kuziona. Nilizijua kwa namba tu. Siku moja nikapaka uwanja kwa rangi ya moja, nikachora duara juu yake kwa rangi ya mbili, duara likakataa kuonekana. Nikarudia, nikakagua kila mabano na kila mkato, wapi! Nilihangaika sana ndipo nikaelewa. Duara lilikuwepo muda wote, ila kijani na nyekundu, kwenye kioo kile, zilitoka kijivu kilekile. Nikacheka peke yangu, nikaiweka hiyo akilini.

Kisha yakaja mashindano. Tukaambiwa kila shule itapeleka mwanafunzi mmoja Tanga, na picha aliyoichora kwa kompyuta, na atakayeshinda atasomeshwa kompyuta mpaka chuo. Mpaka chuo, rafiki yangu! Mimi, mjukuu wa muuza kabichi. Nikachora mlima wetu. Nilipima kwanza kwenye karatasi ya miraba, kila tuta, kila nyumba, shule yetu, na mti wa plamu wa bibi. Nikaiandika programu mstari kwa mstari, 10 SCREEN 1, 20 COLOR 0,0, na kuendelea, mpaka macho yakawa mekundu. Siku nilipoiendesha mbele ya darasa, mlima ulijichora wenyewe, halafu rangi ikapanda kutoka bondeni kama maji yanavyojaa mfereji, na darasa zima likasema "Aaa!" Jioni ile bibi alichinja jogoo.

Siku chache baadaye mwalimu akasimama mbele yetu akatangaza kwamba atakayekwenda Tanga ni mpwa wake, binti wa dada yake, tuliyekuwa tunasoma naye, pamoja na picha yake ya mlima. Yake! Nikasimama. Nikasema, "Samahani mwalimu, ile picha ni ya kwangu." Hata hakunitazama. Akasema, "Kaa chini." Nikabaki nimesimama, akarudia, "Nimesema kaa chini." Nikakaa. Kwa utovu wa nidhamu nikapewa adhabu ya kumkatia ng'ombe wake majani mwezi mzima, na yule ng'ombe alinenepa kwa mikono yangu. Mpwa wake akipita na sweta lake jipya alikuwa anaangalia pembeni.

Nilipomweleza bibi, hakunibembeleza. Aliniosha mikono kwa maji ya moto, akaipaka samli, akasema, "Usilie mbele yao. Lia hapa, umalize." Nikalia, nikamaliza.

Halafu sikia hii. Wiki ya safari mwalimu akaniita. Picha haikuwa na bendera, wageni watapenda bendera, na yeye na mpwa wake walikuwa wamejaribu wameshindwa. "Wewe binti wa Kwai, ongeza bendera pale juu ya shule." Wala haya hakuona. Nikasema ndiyo mwalimu. Akakaa mlangoni anasahihisha madaftari, mimi nikaongeza bendera. Kisha, kwenye ubavu wa mlima uliopakwa rangi ya moja, nikaongeza herufi kwa rangi ya mbili. Herufi kubwa, kila moja kwa mistari yake, kutoka kijito mpaka msitu: MWALIMU MWIZI. Nikaiendesha yeye mwenyewe akiwa amesimama nyuma yangu. Akaona mlima wa kijivu, akaona bendera, akasema safi. Mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho, lakini moyoni, wallahi, ilikuwa Idi. Kwa sababu tulishaambiwa kwamba Tanga kuna vioo vya rangi.

Siku walizokuwa Tanga nilikuwa nakata majani ya ng'ombe wake huku naimba. Nilimwona kabisa mbele ya wageni, mlima unageuka kijani, herufi zinawaka, suti inambana shingoni. Wakarudi. Wamerudi na cheti kwenye fremu! Kumbe mwalimu, kwa kuogopa mashine za watu, alikuwa amebeba kioo chetu chenyewe, amekizungushia godoro nyuma ya gari mpaka Tanga. Mlima wa kijivu ndio ulioshinda. Mpwa wake akasomeshwa mpaka chuo, leo yuko Dar es Salaam, anafanya kazi ya kompyuta benki. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa Magoma, nauza mbegu na dawa za wadudu kwenye joto, na kila asubuhi nikifungua duka nauona ule mlima kule juu, umetulia na ubaridi wake. Na usije ukaniambia ndivyo Mungu alivyopanga. Aliyepanga namjua.

Basi ujumbe ulipokuja nikajibu kwenye kundi, kwa adabu zote, kwamba ile picha ya Tanga ninayo na nitaileta. Wakanimwagia maua na vimikono vya makofi. Ukweli sikuwa nayo. Diski zote za shule zilikwisha kuota ukungu zamani. Nilikuwa nayo kichwani. Binti yangu akaniwekea kwenye laptop yake programu inayojifanya kompyuta ya kale, nikakaa nyuma ya duka nikaiandika yote upya, vidole havikusita hata kidogo. Nikaiendesha. Hapo, mtu mzima na miwani yangu, ndipo nilipouona mlima wangu kwa mara ya kwanza una rangi. Kijani, kijani kweli. Nilidhani nitacheka, nikalia mpaka binti yangu akazima feni aje aniangalie. Akauliza, "Mama, na hayo maandishi mekundu, niyafute?" Nikamwambia thubutu.

Siku ya sherehe tukapanda Lushoto mimi na binti yangu, nimevaa nikavalika. Kibao cha chumba kipya kilikuwa kimefunikwa kitenge, kinamsubiri mzee akifunue. Yeye alikuwa amekaa mbele kabisa kwenye sofa, koti, kofia na fimbo, amezeeka vizuri, hana hata mkunjo wa mawazo. Mpwa wake ndiye aliyekuwa anaongoza sherehe. Akanikumbatia, akanishukuru kwa kumtunzia picha yake. Yake, anasema, mpaka leo! Binti yangu akaunganisha laptop na projekta, mlima ukaanza kujichora ukutani, rangi ikapanda kutoka bondeni, na watu wakasema "Aaa!" vilevile kama zamani. Bendera ikatokea. Kisha herufi nyekundu zikaanza kujitokeza ubavuni, moja baada ya nyingine.

Ukumbi ulinyamaza kabla neno halijaisha. Nikamgeukia mwalimu nimwone anavyosoma, maana hicho ndicho nilichokisubiri miaka yote. Anapiga makofi! Anatabasamu, anapiga makofi peke yake, macho yako palepale mlimani. Akamuuliza mpwa wake, "Mbona wamenyamaza? Si ndiyo ileile?" Na hapo nikazikumbuka plamu za bibi, nyekundu na kijani kwenye kikapu kimoja. Yule mzee hakuwa na meno ya mbuzi. Macho yake hayakuwahi kuzitofautisha rangi hizo mbili tangu azaliwe, na mimi nilikuwa nimemwandikia kwa hizohizo. Huruma ikataka kuniingia, nikaifukuza.

Mpwa akaikimbilia laptop aifunge. Nikamwambia, "Iache." Mwalimu akauliza tena, sasa kwa wasiwasi, "Kuna nini pale? Kuna kilichoandikwa? Nisomeeni basi." Nani amsomee? Walimu, wazazi, wageni wa heshima, kila mtu anaangalia viatu vyake. Nikatoka kwenye kiti changu, nikaenda nikasimama mbele yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Binti wa Kwai. Pale pameandikwa 'Mwalimu mwizi'. Nimeandika mimi, siku ile uliyonituma bendera. Na mlima nao nilichora mimi."

Hakuuliza bendera gani wala mlima upi, nami nikajua kwamba hakuwa amesahau. Akamtazama mpwa wake. Mpwa akainamisha kichwa. Ukumbi mzima ukasubiri aseme neno. Hata mimi nilisubiri, na sitakudanganya, neno dogo tu lingenitosha. Akanyoosha fimbo yake kuelekea viti vya nyuma.

"Kaa chini," akasema.

Sikukaa. Nilibaki nimesimama palepale, nikamtazama mpaka yeye ndiye aliyeshusha macho. Kisha nikamwambia binti yangu achukue laptop yake, tukatoka. Kibao kilikuwa bado kimefunikwa kitenge, na sijauliza kama kilifunuliwa.

Nilimwonesha binti yangu ile stoo tuliyokuwa tunavulia viatu. Sasa imejaa magunia ya viazi, na hakuna anayejua kwamba mle ndani mlima uliwahi kujichora. Tukapanda Kwai. Mti wa plamu umekatwa, jiko limeanguka, na pale bibi alipokuwa anagombana na moto pameota gwatemala. Nikasimama mahali kaburi lake lilipo, nikamsomea Fatiha, nikamweleza yote kwa Kishambaa, tangu ujumbe wa simu mpaka ile fimbo. Nikamwambia kwamba sikulia mbele yao. Halafu nikakaa chini, mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, nikalia pale kwake mpaka nikamaliza.