Shamba la Keturah Tillotson

Katika mji wetu wa Tillotson, Nebraska, kila mtoto wa shule hufundishwa kwamba Hosea Tillotson ndiye aliyetangulia kuhamia huku, mwaka 1873, kwa gari la maksai, na kwamba alikufa kwa homa akiwa bado ameshika jembe. Ardith Tillotson, kitukuu wake, alifundishwa hivyo. Miaka thelathini na miwili aliyoendesha basi la shule, naye aliwasimulia watoto hivyo hivyo.

Alipostaafu alitaka jambo moja tu: kujua Hosea alizikwa wapi. Kaburi la mkewe, Keturah, lipo. La Hosea halipo. Akamuuliza binamu yake Delbert, mwenyekiti wa kamati ya sherehe za miaka mia na hamsini ya mji.

"Zamani watu walizikwa popote, dada," Delbert alimjibu.

"Popote? Mbwa wako mwenyewe ana jiwe la kaburi, Delbert!"

Ardith akaandika barua Washington, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa, kuomba jalada la shamba la kwanza la ukoo, maana enzi zile serikali iliwapa wahamiaji ardhi bure, mradi waape kwamba wameishi hapo na kuilima kwa miaka mitano. Majibu yalifika theluji ikianza kuyeyuka. Mimi ni jirani yake, basi akanipigia simu nikamsomee, maana miwani yake ilikuwa imevunjika.

Nilisoma kiapo alichotoa Keturah mwaka 1879: "Mume wangu aliondoka Agosti 1874, wiki moja baada ya nzige kumaliza mahindi. Alisema anakwenda kutafuta kazi. Sijapata barua yake hata moja. Nimekaa hapa na watoto wangu watatu. Nimechimba kisima na kulima ekari kumi na nane." Majirani wawili walikuwa wameapa kuwa ni kweli. Hati ya shamba ilitoka kwa jina lake Keturah.

Ardith alisukuma kahawa yake kando. Kisha akasema, "Nimewadanganya watoto wa watu miaka yote hiyo."

Hakuishia hapo. Alipekua daftari za sensa, jimbo baada ya jimbo, mpaka akampata Hosea mwaka 1880 huko Oregon, mzima wa afya, ana mke mwingine na mapacha.

Kamati ilikutana ukumbini kanisani. Jiwe la ukumbusho, ambalo gavana angekuja kulizindua, lilikuwa limeshachongwa: Hosea Tillotson, Mwanzilishi. Ardith alisimama akawasomea kile kiapo chote, kisha akawaeleza habari za Oregon.

"Sasa unataka tufanye nini?" Delbert aliuliza, uso umemwiva kwa hasira. "Tumwambie gavana kwamba babu yetu alikimbia?"

"Mwambie bibi yetu alibaki."

"Unatuvua nguo mbele za watu, Ardith!"

"Aliyetoroka ni Hosea, mnayemwonea aibu ni mimi? Haya, pigeni kura. Lakini kura haitamrudisha mtoro huyo kutoka Oregon."

Watu wawili walicheka. Kura zikapigwa: saba jiwe libaki, nne libadilishwe. Ardith akachukua bakuli la saladi ya viazi alilowaletea wanakamati, kabla mtu hajaigusa, akatoka.

Kipande cha shamba lile bado ni chake, kando ya barabara kuu. Alisimika ubao wenye jina la Keturah, na chini yake maneno ya kiapo, neno kwa neno. Wiki haikuisha ukang'olewa. Akausimika tena. Ukang'olewa tena. Mara ya tatu tulichimbia nguzo za chuma, tukamwaga zege, na Ardith akaandika kwa rangi nyekundu pembeni: NJOO MCHANA TUZUNGUMZE.

Siku ya gwaride la sherehe hakuandamana na ukoo. Aliketi kwenye kiti cha kukunja chini ya ubao wake, akimsomea kiapo kila aliyesimamisha gari. Wengi walipita wakipiga honi tu. Mwalimu wa darasa la nne alisimama, akakinakili chote kwenye daftari.

Delbert naye alipita, akapunguza mwendo, akateremsha kioo.

"Umefurahi sasa?"

"Bado," Ardith alimwambia. "Shuka usikilize. Ni bibi yako pia."

Delbert hakushuka. Ila hakuondoka, alizima injini akabaki amekaa garini, kioo kikiwa wazi, na Ardith akaanza kusoma upya kuanzia neno la kwanza.