Mashine ya Kukatia Maganda

Nikikumbuka ile Ijumaa, hata nikiwa peke yangu jikoni, hujikuta nimesema kwa sauti, "Ai, wewe mjinga!" Mke wangu ameshazoea.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Nilikuwa dereva wa nyumbani Al Rayyan, kwa mzee Mwarabu aliyezaliwa Unguja akahamia Doha akiwa kijana. Kiswahili changu cha Nakuru alikicheka kila siku. "Wewe bwana waongea kama unagongelea misumari," ananiambia. Nilimpenda sana yule mzee.

Alikuwa na kibali cha bunduki, na starehe yake ilikuwa kulenga shabaha. Risasi akizijaza upya mwenyewe, katika chumba kidogo kando ya majlisi, ile sebule ya wageni wa kiume. Ganda la risasi likishapigwa hurefuka kidogo, kwa hiyo lazima lipunguzwe lirudi kipimo chake. Kwa kazi hiyo alikuwa na mashine ya mkono, yenye mpini wa kuzungusha, aliyoachiwa na marehemu kaka yake. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, na wanawe wakamletea mashine ya umeme.

Baada ya swala ya Ijumaa wakaziweka zote mbili mezani mbele ya wageni. Achague moja, nyingine itoke. Mimi nilikuwa namimina kahawa maana mpishi alikuwa mgonjwa. Wanawe waliisifu ya umeme: ina kasi, haichoshi mkono. Mzee alikuwa ameshika ule mpini wa kaka yake, na mimi huruma ikanijaa. Kisha akanigeukia. "Na wewe dereva, wasemaje?"

Nikaona hapa ndipo pa kumwokoa.

"Mzee, hii ya zamani ndiyo mashine!" nikasema, tena kwa nguvu. "Chuma kizito, inakata sawasawa. Wueh, ningekuwa nayo mimi nisingetaka nyingine!"

Mzee aliniangalia kidogo, kisha akaisukuma mashine upande wangu. "Umeipenda? Basi ni yako."

Sasa, kule ukisifu kitu cha mtu, atakwambia ni chako. Ni adabu. Nawe kwa adabu unakataa, unamwombea baraka, kitu kinabaki kwa mwenyewe na hakuna aliyevunjiwa heshima. Haya nilikuwa nimeyasikia. Lakini kwetu, mzee akikupa kitu mbele za watu hukatai, kukataa ni dharau, na mwili wangu ulifuata ya kwetu kabla sijafikiri. Nikaweka birika chini, nikaipokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa. "Asante sana mzee, Mungu akubariki."

Jamani! Mwanawe mkubwa alinikazia macho kana kwamba mimi ni mwizi. Mgeni mmoja akakohoa. Mzee mwenyewe alitabasamu, akaomba kahawa nyingine. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni nikamrudishia. "Mzee, nisamehe, sikujua nifanyeje."

"Hapana, mwanangu. Nimetoa mbele ya watu. Nikiipokea nitakuwa mtu gani?"

Nikarudi nayo chumbani kwangu, nyuma ya nyumba. Wiki nzima sikuweza kumtazama machoni, hata kwenye kioo cha gari. Ile ya umeme ilimshinda. Ilipiga kelele, akasema haimpi nafasi ya kuhisi ganda linavyokatika. Niliyataka hayo mimi?

Ijumaa iliyofuata, wageni walipoondoka, nikasikia hodi. Mzee hakuwahi kufika mlangoni kwangu. Akinihitaji hupiga simu. Alikuwa amesimama juani, amebeba mkebe wa maganda.

"Kama huna kazi nayo leo," akasema, "naomba uniazime."

Mwenye nyumba, mwenye mashine, ananiomba mimi. Nilishindwa hata kumkaribisha ndani. Nikamkabidhi tu.

Kabla ya magharibi aliirudisha, imepanguswa na kutiwa mafuta, akaniuliza kama na Ijumaa ijayo nitamruhusu.